Joto la Dar si sababu ya kuweka 20W-50 kwenye Aqua

Mkuu, umeuliza kama fundi wako yuko sahihi kwamba oili ya injini ya 0W-20 ni nyepesi kama "maji" na kwa joto la Dar Toyota Aqua yako inataka ile nzito ya 20W-50. Mimi nilimsikiliza fundi wa namna hiyo, na nilijuta.

Gari langu ni Vitz ya cc 1300. Nilipoweka 20W-50, haikupita wiki mbili, kila nikiwasha asubuhi cheni ya injini inalia kakakaka sekunde tatu nne ndipo inatulia. Baadaye taa ya injini ikawaka, mashine ya kupima ikasoma P0011, namba ya hitilafu kwenye majira ya valvu. Fundi mwingine akafungua valvu ya VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadili majira ya valvu kwa kutumia oili), akanionyesha kichujio chake cha wavu, kidogo kama ukucha, kimejaa tope jeusi. Tope lile lilikuwa la miaka, halikuletwa na oili mpya. Ila oili nyepesi ilikuwa bado inajipenyeza pale, ile nzito ikashindwa. Tukasafisha, tukarudisha 0W-20, mlio ukaisha.

Sasa hii hoja ya joto. Injini haijui uko Dar au Sapporo. Ikishapata moto, themostati inashikilia maji ya kupoza injini kwenye nyuzi 90 hivi, kokote uliko. Namba ya pili kwenye kopo (ile 20 au 50) inapimwa oili ikiwa nyuzi 100, na hapo oili ya 50 ni nzito kama mara mbili ya ile ya 20. Asubuhi ndiyo kabisa. Kwetu nyuzi 25 tunaita joto, kwa oili hiyo bado ni baridi, iko nzito mara nyingi kuliko itakavyokuwa injini ikipata moto. Na Aqua ni haibridi, injini inazima na kuwaka njiani, kwa hiyo oili inatakiwa ifike juu haraka kila mara.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu mafundi hawabishi bure. Sababu kubwa ya watengenezaji kupenda oili nyepesi ni kuokoa petroli: pampu na pistoni hazihangaiki, gari linakula kidogo, na serikali za Japani, Ulaya na Marekani zinawabana kwenye ulaji huo. Vitabu vya Toyota vyenyewe husema oili nzito zaidi inaweza kufaa ukikimbiza sana au ukibeba mzigo mkubwa. Kwa hiyo kama injini imechoka, inakula oili kati ya sevisi na sevisi, kupanda hadi 5W-30 nakubali. Kurukia 20W-50 hapana, nakusihi.

Kabla hujampa fundi hela, fungua boneti usome kifuniko cha kujazia oili, mara nyingi namba imeandikwa palepale. Kisha tuambie hapa gari limetembea kilomita ngapi na oili inapungua kiasi gani kwenye kijiti cha kupimia.