Maswali ya Wasomaji: Utafiti Huo Ulifanywa kwa Nani?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Sisi wavuvi wa Ukerewe tunamezeshwa dawa ya kichocho, lakini tukipimwa baada ya muda tunakutwa nacho tena. Je, watafiti wamegundua kwamba dawa imekuwa sugu?

Jibu: Marahaba. Dawa hiyo, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, lakini huiacha ile michanga iliyopenya ngozini siku za karibuni, wala haiachi kinga yoyote mwilini. Kwa hiyo anayemeza asubuhi na kuingia majini jioni kuvuta nyavu anaweza kuambukizwa siku hiyohiyo. Mabuu hutoka kwa konokono wa kandokando ya ziwa, na konokono hao huambukizwa na mayai yanayofika majini kwa haja kubwa zetu wenyewe. Jipya la kweli ni la watoto wadogo. Kwa miaka mingi kampeni za umezaji dawa ziliwaruka, kwa kuwa vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu, ingawa mama zao huwaogesha ziwani tangu wakiwa wachanga. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kukikubali kidonge kinachoyeyuka majini, kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Ni hatua kubwa, lakini mwalo usio na choo utaendelea kuwarudishia watoto hao ugonjwa uleule, na hilo halihitaji utafiti mwingine.

Swali: Imethibitishwa kwamba mlonge unaponya saratani. Kwa nini hospitali zinatuficha?

Jibu: Hakuna kilichothibitishwa, seli za saratani zilizokufa ndani ya kibakuli cha maabara zingekufa pia kwa jiki, na ninawaomba wasomaji waache kuniletea swali hili kila mwezi huku ndugu zao wakikosa kliniki.

Swali: Nikipata homa huwa ninanunua mseto, dawa ya malaria, duka la dawa hapa Igoma. Safari hii sikupona. Ni kweli kwamba mseto umeshindwa huko Kagera?

Jibu: Hujasema kama ulipima, na ninachelea kwamba hukupima. Mseto hauwezi kuponya nimonia wala maambukizi ya njia ya mkojo, hata kama vimelea vyote vya malaria duniani vingekuwa dhaifu mbele yake. Kuhusu Kagera, habari ni ya kweli lakini imetiwa chumvi. Vimelea vyenye badiliko la kijeni liitwalo R561H, ambalo lilikuwa limeripotiwa Rwanda mwaka 2020, vimepatikana pia kwa wagonjwa wa Kagera, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024. Vimelea hivyo huondoka polepole kwenye damu baada ya matibabu kuanza, na huo ndio unaoitwa usugu wa sehemu. Hata hivyo, katika utafiti huo mseto uliendelea kuwaponya wagonjwa walio wengi, kwa sababu mseto ni dawa mbili kwa pamoja, na ile ya pili humalizia kazi. Dawa hiyo ya pili ndiyo tunayoihatarisha tunapomeza dozi nusu, au tunapoacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka. Dozi ni mara sita katika siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta, na ianze baada ya kipimo. Muuzaji anayekupa mseto bila kukuuliza kuhusu kipimo hakusaidii, hata kama anakukopesha.

Swali: Nimesikia kuna sindano ya mara mbili kwa mwaka inayoponya UKIMWI. Inapatikana wapi?

Jibu: Haiponyi. Sindano hiyo, lenakapaviri, ilijaribiwa kama kinga kwa wasichana na wanawake wasio na VVU nchini Afrika Kusini na Uganda, na katika matokeo ya mwaka 2024 hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya 2,134 waliochomwa. Aliye na VVU aendelee na vidonge vyake.

Swali: Utafiti wa Mwanza ulisema kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza VVU, wa Rakai ukasema hapana. Tuwaamini wapi? Na mimi mwenye kisonono nijisumbue kutibiwa?

Jibu: Hili ndilo swali nililokuwa ninalisubiri, kwa sababu tafiti hizo mbili hazikuuliza jambo moja. Ule wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 1995, ulilinganisha jamii 12 za vijijini: sita ziliboreshewa matibabu katika zahanati na vituo vya afya kwa watu waliokuja wakiwa na dalili, na maambukizi mapya ya VVU yakawa pungufu kwa takribani asilimia 40. Wale wa Rakai, Uganda, walioripoti mwaka 1999, waliwafuata watu majumbani na kuwapa dawa kila baada ya miezi 10, wenye dalili na wasio nazo, katika eneo ambalo VVU ilikuwa imekwisha kuenea sana na vidonda vingi vya sehemu za siri vilitokana na virusi vya malengelenge, ambavyo havisikii antibayotiki. Basi tukadhani kwamba malengelenge yakidhibitiwa VVU itapungua. Wanawake wa mikoa hii ya ziwa waliofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni wakapewa dawa ya kuyadhibiti, wenzao wakapewa vidonge visivyo na dawa, na mwaka 2008 ikaripotiwa kwamba makundi hayo mawili hayakutofautiana katika kupata VVU. Hoja iliyoonekana kukamilika mezani iliangushwa na kundi la kulinganishia, nami ningependa waandishi wenzangu wa habari za afya waitafute sentensi inayolitaja kundi hilo kabla hawajaandika kichwa cha habari.

Kisonono chako ni ugonjwa unaoweza kuziba mirija ya uzazi na kupofusha mtoto anayezaliwa, kwa hiyo kitibiwe, VVU ikipungua au isipungue. Usinunue siprofloksasini kwa mazoea, kwa kuwa katika nchi nyingi kisonono kimekuwa sugu kwake. Nenda zahanati, upimwe na VVU hapohapo, na umpeleke mwenzi wako.