Bima ya gari haifiki kwenye pembea

Dada umeuliza kama bima ya gari ya skuli inamlipa mtoto aliyeanguka kwenye pembea ya uani. Hapana, haimlipi. Hiyo ni ya madhara yanayoletwa na gari. Mtoto akishaingia uani, haimhusu tena. Skuli ya maandalizi inahitaji mbili nyengine: bima ya dhima, inayolipa pale skuli inapoonekana ina makosa, na bima ya ajali ya kundi, inayolipa mtoto akiumia hata kama hapana aliyekosea, kwa kiwango kilichoandikwa. Kama pesa ni ya moja tu, mimi ningeanza na hii ya kundi. Mzazi aliyembeba mtoto analia anataka pesa ya eksirei leo, hataki mabishano ya nani mzembe.

Nina skuli ndogo hapa Wete. Mwaka jana mtoto wa miaka 4 alivunjika mkono uani, bima ya kundi ikatulipa kwa kuwa jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya watoto tuliyopeleka kwa kampuni ya bima. Basi anayeingia katikati ya mwaka mpeleke jina siku hiyo hiyo. Na safari za pwani, usidhani zimo mpaka uzione kwenye mkataba.