Barua kwa mwanangu: Usimtafute kwa jina la baba

Newala

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umepekua jina la ukoo wa baba yako kila mahali, mpaka kwa watu wa misheni ya Masasi, na yule mkulima wa zamani aliyekuwa akisimuliwa na bibi humwoni. Humwoni kwa sababu umepita mlango wa jirani, mama.

Sisi Wamakonde litawa letu, yaani ukoo, linafuata mama. Mzee yule alikuwa njomba wa mama yake bibi yangu. Watoto wake wa kuwazaa walikuwa wa litawa la mama yao. Shamba liliwaendea wapwa. Ukishika majina ya akina baba unaishia kwa watu wengine kabisa. Na misheni ile ya 1876 ilianza na watu waliokombolewa utumwani, wakaletwa kutoka Unguja. Babu hakuwamo.

Yeye alipanda huku juu kuwakimbia watekaji. Kichaka cha uwandani kilikuwa kizito, mgeni hapenyi bila mwenyeji. Alifyeka, akachoma, akalima mtama na muhogo. Udongo ukichoka anahamia mbele, na nyumba inamfuata. Kwa hiyo usiniulize kaburi. Mpira wa porini waliupeleka Lindi na Mikindani, ila hayo ni ya wanaume, bibi hakuyajali.

Bibi alijali maji. Uwandani maji hayakuwapo. Wanawake walishuka bondeni alfajiri na kupanda na mtungi kichwani. Siku moja alinishika utosini kwa vidole viwili, akaniambia: "Hapa mama yangu hakuwa na nywele. Mtungi ulizimaliza." Machemba, yule chifu wa Wayao, alipovuka Ruvuma kuwakimbia Wajerumani, 1899, huyo mama alikuwa msichana, tayari anabeba. Mimi mwaka naupimia hapo. Njomba wake alikuwa mtu mzima mwenye wapwa wa kutosha, basi kuzaliwa kwake mpeleke nyuma, katikati ya karne ile.

Anza na jina langu, kisha mama yangu, bibi, mama yake bibi, na mama wa huyo. Hapo ndipo uulize kaka zake. La babu siliandiki kwenye simu. Njomba wako mkubwa atakutajia chini ya msolo, mti wetu wa tambiko, unga ukishamwagwa.

Njoo baada ya korosho, watu wakiwa na nafasi. Beba daftari. Na huo unga uwe wa mtama, tena wa kutwanga. Wa paketi atakurudisha nao.

Mama yako