Maswali na Majibu: Bendera ya Zanzibar na Rangi Zake

Maswali ya safu hii yanahusu bendera moja tu, ile ya Zanzibar, na nimeyapanga kufuatana na jinsi yanavyoshikana badala ya tarehe yalipofika.

Je, ni kweli kwamba Zanzibar ilichukua rangi za bendera ya Tanzania, ikaacha manjano tu? (Msomaji, Tanga)

Mambo yalikwenda kinyume cha hivyo. Buluu, nyeusi na kijani zilikuwa rangi za chama cha Afro-Shirazi, ambacho bendera yake ilibeba pia jembe, na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 rangi hizo ndizo zilizofanywa bendera ya jamhuri mpya ya Visiwani kabla mwezi huo haujamalizika. Bendera ya Tanganyika, iliyopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa ya kijani, yenye mkanda mweusi wa kulala uliotiwa kingo za manjano, buluu haikuwamo. Nchi hizo mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964 ilitungwa bendera ya pamoja, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 30 Juni: mkanda wa Tanganyika ukawekwa mshazari, kijani ikabaki juu upande wa mlingoti, na sehemu ya chini ikapewa buluu, kwa ukubwa ule ule. Kwa hiyo buluu inayopepea leo Dodoma ni mchango wa Visiwani.

Babu yangu alikuwa akitaja "bendera nyekundu". Ilikuwa ya nani? (Msomaji, Unguja)

Ilikuwa ya masultani wa ukoo wa Busaidi, nao waliitoa Oman. Ilikuwa nyekundu tupu, bila alama wala maandishi. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 milki yake iligawanywa baina ya wanawe, Majid akatawala Zanzibar na Thuwaini akabaki Oman, lakini pande zote mbili ziliendelea na nyekundu ile ile. Oman haikuibadilisha hadi mwaka 1970.

Siku ambayo bendera hiyo ilipimwa kwa mizinga ni tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Rawson, mkuu wa meli zao za vita, alimpa hadi saa tatu asubuhi ashushe bendera na kuondoka. Hakuishusha. Mizinga ilianza dakika chache baada ya muda huo, na haikunyamaza mpaka bendera ilipoangushwa kwa risasi. Vita vyote havikutimiza saa nzima. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Hamoud akatawazwa siku hiyo hiyo. Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba Waingereza hawakuifuta bendera hiyo. Iliendelea kuwa bendera ya sultani, isipokuwa sasa sultani mwenyewe alikuwa wa kuchaguliwa nao, na kwa maoni yangu kitambaa kile kiliwafaa zaidi kikiwa juu kuliko kikiwa chini.

Kwa nini bendera ya Zanzibar ilipepea Mombasa, ilhali Mombasa iko Kenya? (Msomaji, Kilifi)

Kwa sababu Mwambao, ule ukanda wa maili 10 kutoka baharini, ulikuwa mali ya Sultani hata baada ya mkataba wa mwaka 1895, ambao uliwapa Waingereza utawala wake kwa malipo ya kila mwaka. Mamlaka ya kisheria yalibaki Zanzibar, na bendera nyekundu juu ya Fort Jesus ndiyo iliyokuwa ushahidi wake kwa kila jahazi lililoingia bandarini. Suala hilo lilimalizwa Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walipokubaliana kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya itakapopata uhuru mwezi Desemba.

Nimeona picha ya bendera nyekundu yenye karafuu. Je, ni ya kubuni? (Msomaji, Muscat)

Si ya kubuni. Ni bendera ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963: nyekundu ya zamani, katikati duara la kijani lenye karafuu mbili za rangi ya dhahabu, zao lililowatajirisha wenye mashamba wa Unguja na Pemba. Ilidumu mwezi mmoja na siku mbili tu, ingawa katika muda huo Zanzibar ilikwisha kukubaliwa katika Umoja wa Mataifa.

Bendera ya sasa ilianza lini, na rangi zake zina maana gani? (Msomaji, Chake Chake)

Baada ya Muungano, Zanzibar ilikaa miaka 40 bila bendera yake rasmi. Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya bendera mwaka 2004, na bendera ikaanza kutumika Januari 2005, wakati wa Rais Amani Abeid Karume. Buluu ni bahari, nyeusi ni watu, kijani ni ardhi na mimea yake. Mimi huanza kuisoma katika pembe ya juu, ilipowekwa bendera ya Tanzania: milia mitatu inarudisha rangi za mwaka 1964, na pembe hiyo inaeleza ziko ndani ya dola gani. Ndiyo maana wapo wanaoiona kuwa heshima iliyorudishwa, na wapo wanaoona pembe hiyo ni ukumbusho wa mipaka yake. Katika balozi na Umoja wa Mataifa hupandishwa ile ya Muungano peke yake, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano.

Nilipita mahali nikaona imepandishwa kichwa chini. Nitaijuaje ikiwa sawa? (Msomaji, Makunduchi)

Buluu huwa juu, na bendera ndogo ya Tanzania hukaa juu karibu na mlingoti. Ukiikuta pembe hiyo iko chini, kamba imefungwa kinyume.