Kabla hujamlaumu mama, iangalie menyu

Barua za wiki hii nusu yake ni shingo. Nimejibu moja tu ya shingo, wengine isomeni hiyohiyo.

Shikamoo mwalimu. Mimi fundi simu Ngamiani. Ikifika jioni shingo imekaza kama gogo. Ninunue kiti gani?

Marahaba. Kila wiki naulizwa kiti, na hakuna anayenitajia kimo cha meza. Kiti chako hakina kosa. Simu unayoifungua imelala chini usawa wa kitovu, skrubu zake kama punje za ulezi, sasa kichwa kitaacha vipi kuzifuata? Daktari Kenneth Hansraj wa New York alipiga hesabu mwaka 2014: kichwa cha kilo 5 hivi, kikiinama nyuzi 60, kinailemea shingo kama mzigo wa kilo 27. Ni hesabu ya kompyuta, hakupima watu, kwa hiyo usiiapie. Ila pandisha kazi: kasha la mbao juu ya meza, viwiko vipate pa kuegemea, na kila nusu saa inuka, hata kama ni kwenda kumdai mteja. Ganzi ikishaingia vidoleni, mwone daktari, usiniandikie mimi.

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inasaidia macho yasichoke?

Hapana. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia majaribio 17 na hawakuona nafuu ya maana. Ukikodolea kioo unasahau kupepesa, ndiyo macho yanakauka. Hela hiyo kapimie macho.

Mama yangu yuko Pangani, ana miaka 63. Mara mbili ametuma pesa kwa mtu asiyemjua. Nimnyang'anye simu?

Umnyang'anye kwa kosa lipi? Keti naye siku moja umtazame. Anaishika simu mbali kwa sababu maandishi ni madogo. Anasoma polepole, menyu inakatika, anaanza upya, safari hii kwa haraka. Halafu angalia maneno yenyewe: "kutuma pesa", na chini yake "kutoa pesa". Herufi chache tu ndizo zinazotenganisha kutoa hela yako na kumpa mtu mwingine.

Marekani walilijua hili zamani, kwa gharama kubwa zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa B-17, ndege za kudondosha mabomu, walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu ndege ikiwa bado chini. Ikasemwa ni uzembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaenda kutazama ndani, akakuta swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kutulia zimekaa jirani na zinafanana. Dawa ikawa kuzipa maumbo tofauti, ya magurudumu ikawekewa kigurudumu cha mpira, ili mkono utambue bila jicho. Mwaka 1947 wanasaikolojia wenzake Paul Fitts na Richard Jones wakachambua makosa 460 yaliyoitwa ya rubani, na mengi chanzo chake kilikuwa mpangilio wa vyombo. Miaka yote hiyo, na sisi bado tunasema "mama kazeeka".

Mkuzie maandishi, mhifadhie namba za watu wake watano kwa majina. Mfundishe kulitamka kwa sauti jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Wewe mwenyewe hulisomi, nakujua, kitu kikiuliza "una uhakika?" kila siku, kidole hujibu chenyewe. Na pesa ikikosea njia, piga huduma kwa wateja palepale, kabla aliyeipokea hajaitoa. Usimpigie yeye kwanza kumbembeleza.

Mkao upi ni sahihi kwenye kompyuta?

Wowote, ilimradi usikae nao saa nzima.

Mimi wakala, Makorora. Kwa nini nikitoka kwenye kalkuleta kwenda kwenye simu nakosea namba?

Hili ndilo swali la wiki. Kalkuleta inaanza na 7 juu, simu inaanza na 1. Maabara ya Bell, ya kampuni ya simu ya Marekani, ilijaribu mipangilio mbalimbali ya vitufe vya simu na kuchapisha matokeo mwaka 1960, ikabaki na ya 1-2-3 juu. Kalkuleta zikabaki na njia yao. Mkono wako umezoea mbili zinazopingana, mstari wa 1-2-3 na wa 7-8-9 ndiyo inayopishana. Mteja aiandike namba mwenyewe daftarini, wewe uiingize huku ukiisoma mbilimbili, na muuza ndizi wa jirani asubiri mazungumzo yake.