Mumeo hajanuna, amefiwa

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Walukuba hapa Jinja, nauza vitenge sokoni. Tangu niolewe, kila Krismasi ni kijijini kwa mume wangu, Tororo. Mimi ni wa kupika na kuosha vyombo hadi Januari. Mwaka huu kikundi chetu cha akiba kimepanga safari ya Mombasa, na wenzangu wote wanaenda na familia zao. Basi la usiku litatupitia Jinja tarehe 22 Desemba, tuvuke mpaka wa Malaba, asubuhi tuwe Nairobi, kisha treni mpaka Mombasa. Nimeshalipa laki sita. Pesa ni zangu mwenyewe, yeye hutoa karo tu. Nilipomwambia hakunijibu, akatoka nje. Kesho yake akasema yeye anaenda kwa mama yake, mimi niende nikitaka. Tangu baba yake afariki mwezi wa nne amekuwa mtu wa kununa, na mama yake anampigia simu kila jioni. Naona huyo mama ndiye anayemjaza maneno. Wenzangu wananiambia nichukue watoto niende, atanyooka mwenyewe. Shangazi, mimi nami si mtu? Nifanyeje?
Mama Watatu, Jinja

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa moshi. Kazi ya mkamwana siku ya Krismasi naijua: kuamka saa kumi alfajiri, kuku wa kunyonyoa, sufuria za kuazima kwa jirani, wageni ambao hakuna aliyewaita, na wanaume wamekaa chini ya mwembe na mirija yao ya malwa, ile pombe ya ulezi, wakiuliza chakula kimefika wapi. Hilo nitalirudia, maana una haki ndani yake. Lakini kwanza tuzungumze juu ya mumeo, kwa sababu katika barua hii yote sikuona mahali ulipomtazama.

Umeandika kwamba baba yake alifariki mwezi wa nne. Umeliandika katikati ya mambo mengine, ukapita, ukaendelea na habari ya kununa. Mwanangu, mtu aliyezika baba yake mwezi wa nne, ikafika Desemba bado hacheki, wewe unamwita mnunaji? Huyo amefiwa. Hii ndiyo Krismasi ya kwanza ataingia ua ule bila kumkuta mzee. Ni nani atakayechinja? Ni nani atakayeombea chakula? Kile kiti cha mzee atakalia nani, au kitaachwa wazi watu wote wakikitazama? Mambo hayo mumeo anayabeba tangu mvua za Aprili, kisha jioni moja wewe unamletea habari ya bahari, na pesa umeshalipa. Kutoka nje kwake nakuelewa. Mwanamume wa kwetu hutafuta giza anapotaka kulia.

Kuhusu mama yake kupiga simu kila jioni. Umewahi kujiuliza kwa nini jioni, kwa nini si asubuhi? Asubuhi mjane ana shamba, ana mbuzi wa kufungua, ana majirani wanaopita njiani. Jioni ndiyo saa ambayo alikuwa na mtu wa kumwandalia maji ya kuoga, wa kumuuliza kama mlango umefungwa. Sasa hayupo. Basi anampigia mwanawe. Hamjazi maneno, mwanangu. Anaogopa usiku. Ungekuwa umeishika simu hiyo hata mara moja ukamuuliza "Mama umekula?", usingeniandikia sentensi ile.

Tena hebu angalia hiyo njia yenu. Basi likitoka Jinja litapita Iganga, litapita Bugiri, litaingia Tororo usiku wa manane, ndipo lifike Malaba. Wewe na wajukuu watatu wa yule mama mtapita karibu na nyumbani kwake mmelala kwenye viti, yeye akiwa peke yake ndani ya nyumba yenye kaburi jipya uani, siku tatu kabla ya Krismasi. Asubuhi dereva mmoja au mchuuzi mmoja wa Malaba atakuwa amekuona. Mpaka ule haufichi mtu. Kijiji kitasema, na kitakachosemwa hutakifuta kwa miaka mingi.

Sasa "karo tu". Neno hilo limenikaa vibaya. Watoto watatu, mihula mitatu kwa mwaka, na vile vitu vya ziada ambavyo shule huandika chini ya karatasi: karatasi za choo, fagio, sare mpya. Vitenge vyako vinakupa faida ya kuweka kwenye kikundi kwa sababu mwenzako amesimama kwenye karo. Usione vyaelea, vimeundwa. Pesa ni zako, sikatai, na mwanamke awe na pesa yake. Lakini ungekuwa unalipa karo wewe, hiyo laki sita ingetoka wapi?

Umeniuliza kama uchukue watoto uende. Hapana. Usithubutu. Kwanza, huko mpakani hutapita kirahisi kama wenzako wanavyokuambia. Wewe mtu mzima utavuka Malaba kwa kitambulisho chako cha taifa, maana Uganda, Kenya na Rwanda zimekubali hivyo tangu 2014. Watoto wanataka karatasi zao, na afisa wa uhamiaji akiona mama mmoja na watoto watatu bila baba ana haki ya kukuuliza barua ya idhini ya baba yao. Wanauliza kwa sababu watoto huibwa. Utaandika nini kwenye barua hiyo? Utaghushi saini ya mtu aliye msibani? Pili, mumeo amekuambia uende, hakukuambia uwachukue watoto wake Krismasi ya kwanza baada ya babu yao kuzikwa. Hizo ni ruhusa mbili, nawe unajua.

Na hao wenzako! Wamejaa barua nzima. Wote wanaenda na waume zao, kisha wewe wanakushauri umwache wako, "atanyooka". Wakirudi Jinja, kila mmoja atafungua mlango akiwa na mume wake. Wewe utafungua mlango gani? Mwanamke anayekushauri umkomoe mumeo huku yeye anamchagulia wake shati la kuvaa ufukweni, huyo hakutakii heri.

Niseme neno hapa, na wengine mnaosoma msikie. Ndoa za siku hizi zimeanza kupangwa kwa kutazama simu za watu. Mtu anaona picha ya jirani amesimama ufukweni, nyumba nzima inakosa usingizi. Wengine wanakopa kwenye vyama vya akiba na mikopo ili wapigwe picha Desemba, halafu Februari shule zinafunguliwa mtoto anakaa nyumbani. Krismasi ya Uganda tangu zamani ni ya kurudi. Kampala inabaki tupu, nauli zinapanda kila kona, na bado watu wanapanda mabasi na sukari, sabuni, mikate na nyama kwenye mifuko, kwa sababu kule kuna mtu anayehesabu ni nani amefika. Huko ndiko mtoto anaonyeshwa huyu ni shangazi yako, yule ni babu yako mdogo, wale wa ng'ambo ya mto ni ukoo wetu. Mtoto asiyejua ukoo wake atakuja kukuletea mchumba nyumbani, wazee waulize majina, ndipo mgundue ni ndugu yake. Nimeona machozi ya namna hiyo, hayana dawa.

Kwako wewe kuna na jambo la shamba, ambalo nashangaa hukulifikiria. Mzee akifa, mpaka husogea. Jirani hupanda migomba hatua mbili ndani, mjomba hukumbuka ahadi ambayo hakuna aliyeisikia. Desemba ndipo wazee wa ukoo wanapatikana wote, na mwaka huu watakaa kuzungumza mambo ya marehemu. Watoto wako watatu wana sehemu pale. Wewe unataka wajukuu wa marehemu wawe wapi siku hiyo, wakipanda ngamia ufukweni? Uwe pale, mwanangu. Ukae na wanawake, usikilize, mumeo akikosa la kusema usiku umkumbushe ulichosikia jikoni. Hiyo ndiyo kazi ya mke ambayo hakuna wifi atakayeifanya kwa niaba yako.

Mumeo naye nina neno lake, mpelekee. Kutoka nje bila kujibu si jibu. Angesema tu, "Mama watoto, mwaka huu siwezi, ni baba," nina hakika usingeandika barua hii. Na huyo huyo ajue kwamba mke si mtumishi wa ukoo. Wasichana wa kijijini wapo, kwa pesa kidogo watachota maji na kuosha vyombo siku tatu, na shule zimefungwa. Alipe yeye. Mawifi zako wagawane mapishi, aliyekuja na mikono mitupu aje basi na kisu cha kumenyea ndizi. Hilo alipange yeye na dada zake kabla hamjatoka Jinja, wewe usiwe wa kulisema ukifika, maana litageuka ugomvi.

Mombasa sijakukataza. Bahari ni nzuri na watoto waione. Lakini hata kwa hesabu ya biashara umechagua wiki mbaya. Wiki ya Krismasi Kenya nzima inashuka pwani, tiketi za treni ya Nairobi zinaisha mapema, hoteli zinapandisha bei. Shule za Kenya hufunguliwa mwanzoni mwa Januari. Zetu kwa kawaida ni mwanzoni mwa Februari. Katikati hapo kuna wiki tatu ambazo watu wa Nairobi wamerudi kazini, ufukwe wa Diani una nafasi, hoteli zinabembeleza wateja, na watoto wako bado wako likizo. Upepo wa kaskazi unavuma, jua lipo. Karo ya muhula wa kwanza itengwe kwanza, ikae pembeni, ndipo mhesabu nauli.

Na kama una moyo, mwalikeni mama. Huenda atakataa, mjane wa mwaka wa kwanza mara nyingi hapendi kutoka. Lakini aalikwe na wewe, kwa mdomo wako, mumeo akisikia.

Leo usiku usianze habari ya safari kabisa. Watoto wakilala, mwandalie chai, muulize kaburi la mzee limejengewa au bado, na kama saruji inahitajika kabla ya wageni kufika. Muulize anataka nani achinje. Kisha nyamaza, umwache aseme, hata kama ni saa nzima. Ya Januari mtazungumza siku nyingine.

Kesho asubuhi nenda kwa mweka hazina wa kikundi. Nafasi tano za Krismasi hazikosi mtu, kuna familia inazitafuta. Ziuze kabla ya mwisho wa wiki hii, urudishiwe laki sita yako, na kama watakukata elfu hamsini ya usumbufu, walipe usibishane.