Kifua Kisichopona: Maswali na Majibu

Nimemaliza dozi mbili za TB. Hadubini bado inaona vijidudu kwenye makohozi, GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) inasema hakuna TB. Nianze ya tatu? (Tabata)

Usianze. Mnaniuliza hili kila mara, na kila mara hakuna aliyeotesha makohozi, yaani kukuza vijidudu vyake maabara vijulikane ni vya aina gani. Hadubini huona kijidudu kilichoshika rangi tu. Haijui kama ni cha TB au ni jamaa zake wa kwenye maji na udongo, kama *Mycobacterium avium* na *M. abscessus*. Toa makohozi ya asubuhi, angalau sampuli mbili za siku tofauti, bila kusukutua kwa maji ya bomba, na udai majibu yataje jina la kijidudu. Cha *avium* hutibiwa kwa azithromaisini, ethambutoli na rifampisini mpaka miezi 12 ipite tangu makohozi yaache kuotesha. *Abscessus* kwa ethambutoli na rifampisini haitikisiki. Na wewe unayenunua azithromaisini dukani kila ukikohoa: unakizoesha kijidudu dawa ambayo ndiyo nguzo ya tiba.

Nitamwambukiza mtoto?

Kwa kawaida hapana, ikishathibitika si TB.

Baba ana ugonjwa huo wa vijidudu vya maji na udongo, pafu likatoboka. Mpira aliowekwa kifuani kutoa hewa, unaoishia kwenye chupa ya maji, unatoa mapovu wiki nzima. Tuubane akienda chooni? (Mbagala)

Msithubutu! Mpira unaotoa mapovu ukibanwa, hewa hujazana kifuani, husukuma moyo na kuubana, na mgonjwa anaweza kufa hapo hapo. Chupa ibaki chini ya usawa wa kifua, isimame wima, ncha ya mpira izame sentimita 2 majini. Mpira ukichomoka kwenye chupa, zamisha ncha yake kwenye maji safi na mwite muuguzi.

Mapovu hayaishi kwa sababu tundu liko kwenye kidonda cha ugonjwa pembezoni mwa pafu, na nyama iliyooza haiungani haraka. Yakipita siku 3 hadi 5, ombeni daktari wa upasuaji wa kifua amwone. Asiyehimili kisu anaweza kugandishiwa pafu kwenye ukuta wa kifua kwa unga maalumu au kwa damu yake mwenyewe. Dawa za vijidudu ziendelee. Mpira hautibu chanzo.

Maji yaliyojaa kifuani yana ADA (kimeng'enya kinachopimwa kutafuta TB) ya juu. Ni TB basi?

Hapa kwetu TB ndiyo ya kwanza kushukiwa, na daktari akianza dawa hajakosea. Lakini ADA hupanda hata kwa usaha wa bakteria wengine na kwa vijidudu hivi vya maji na udongo. Kinachoudhi ni maji kumwagwa yote ndooni, halafu kesho yake mnaulizia kuotesha. Yawekwe kwanza kwenye chupa safi ya maabara. Yakiwa usaha, au pH (kipimo cha asidi) chini ya 7.2, sindano haitoshi, mpira uingie. Na yasitolewe zaidi ya lita 1.5 kwa mkupuo. Mgonjwa akianza kukohoa au kubanwa kifua, simamisheni.

Pafu lililotoboka limepona, naweza kupanda ndege kwenda Unguja?

Picha ikishaonyesha limefunguka lote, hesabu siku 7 ndipo upande. Boti panda, ila kupiga mbizi kwa mtungi huko sahau, isipokuwa umefanyiwa upasuaji wa kuzuia lisitoboke tena na daktari akakuruhusu.